Fainali Ichezwe Wapi?

Marekani, nchi ambayo kila jambo la mchezo hupimwa, huandikwa na kupigiwa kelele, haina bingwa rasmi wa taifa katika futiboli ya shule za sekondari. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule, kila chama kina kanuni zake na mabingwa wake, na mwisho wa msimu, baina ya katikati ya Novemba na wiki za mwisho za Desemba, wakati majani ya miti yamekwisha kupukutika na upepo wa kaskazini umeanza kuuma masikio, majimbo mengi huwaita vijana waliosalia mashindanoni waje mahali pamoja, wapambane mbele ya hadhara kuu na mabingwa watawazwe. Mahali hapo ni wapi, na nani aliyepachagua, na kwa mizani gani, ni shauri ambalo mtazamaji aliyenunua tiketi yake na kukaa kitini halimpitikii moyoni. Walakini ni shauri lililokwisha kuwafanya watu wazima wenye heshima zao wanuniane miaka mingi, na ambalo kwa kura chache zilizopigwa ndani ya chumba kimoja cha mkutano laweza kuwahamisha maelfu ya watu, pamoja na fedha zilizomo mifukoni mwao, kutoka mji huu hadi mji ule.

Kabla ya kuingia ndani ya maneno, inafaa msomaji ajue ni mchezo gani unaosemwa hapa, maana si kandanda hii tunayoipiga kwa mguu kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande, waliovaa kofia ngumu vichwani na ngao mabegani, wakishika kwa mikono mpira wenye umbo la yai na kupigania ardhi hatua kwa hatua, upande mmoja ukisukuma na wa pili ukizuia, katika kiwanja chenye urefu wa kama meta 110 na upana wa kama meta 49. Kwa vijana wa sekondari mchezo una robo nne za dakika 12 kila moja, lakini kwa sababu saa husimamishwa mara kwa mara, dakika hizo 48 hurefuka zikawa saa mbili na nusu, pengine zaidi. Timu kubwa huja na wachezaji hamsini au kupita, kwa kuwa wanaoshambulia aghalabu si wale wanaolinda. Nyuma yao huja walimu wa mchezo, watu wa tiba, vijana wa kushangilia, na bendi ya matarumbeta na ngoma ambayo katika shule nyingine ina watu zaidi ya mia, kila mmoja na sare yake yenye vifungo vya kung'aa. Huo si ujio wa timu, ni msafara. Na wapo siku hizi, katika Ohio, Minnesota na Texas, wazee waliotoka Kongo, Kenya na Tanzania ambao wana wao wamo katika misafara hiyo, nao hujikuta jukwaani usiku wa baridi, wamejifunika blanketi mpaka kidevuni, wakijaribu kufahamu kwa nini refa amepiga filimbi tena.

Chama cha jimbo si idara ya serikali. Ni umoja wa shule zenyewe, unaoongozwa na bodi ambayo wajumbe wake kwa kawaida ni walimu wakuu na wasimamizi wa shule, na mkataba wa uwanja unapokaribia kwisha, chama hutangaza haja yake na kupokea zabuni. Anayejibu si mwenye uwanja peke yake. Huja akiwa ameshikana mkono na halmashauri ya utalii na michezo ya mji, na wenye mahoteli, na wenye mikahawa, kwa kuwa wote hao wana sehemu yao katika maslahi: mkutano wa siku tatu katika mwezi ambao vyumba vya hoteli vingelala vitupu si neema ya kudharauliwa. Barua ya zabuni hutaja kodi ya uwanja au msamaha wa kodi, mgawanyo wa fedha za mlangoni, nafasi za kuegesha mabasi, askari wangapi watasimama wapi, na bei ya chakula vibandani. Hayo yote ni maneno ya karatasi, na karatasi huvumilia kila kitu. Kazi ya bodi ni kuyaona yale ambayo hayakuandikwa.

Hesabu ya kwanza, ambayo watu wa nje hawaifikirii kabisa, ni ya vyumba vya kubadilishia nguo. Shule hugawanywa madaraja kwa wingi wa wanafunzi ili shule ndogo ya mashambani isipangwe na shule kubwa ya mjini, na kila daraja lina fainali yake: Ohio ina madaraja saba tangu mwaka 2013, na Michigan ina manane, ambayo kwa miaka mingi fainali zake zimechezwa kwa siku mbili, yaani nne kwa siku, ya kwanza ikianza asubuhi na ya mwisho ikimalizika usiku. Sasa tazama. Timu mbili zimo uwanjani. Timu mbili za mchezo unaofuata zimekwisha kushuka katika mabasi yao, nazo zinataka pahali pa kuvaa, pa kufunga bandeji vifundoni, na pa kusikiliza maneno ya mwisho ya mwalimu wao. Uwanja wenye vyumba viwili tu, hata ukiwa wa fahari namna gani, haufai, kwa sababu timu iliyoshindwa, ambayo vijana wake wanalia na hawana haraka ya kuvua jezi ambazo wengi wao hawatazivaa tena maishani, haiwezi kufukuzwa chumbani ili wengine waingie. Vyumba vinne ndio uchache wake.

Hesabu ya pili ni ya ardhi yenyewe. Nyasi za asili ni nzuri kwa macho na laini kwa mifupa, lakini michezo saba katika siku tatu chini ya mvua ya mwisho wa mwaka huzigeuza tope, na timu zinazocheza siku ya mwisho huwa zimedhulumiwa kabla hazijaanza, hasa ile inayotegemea wepesi wa miguu kuliko uzito wa kifua. Kwa hivyo vyama vingi hupendelea nyasi za bandia, ambazo umma ulizijua kwanza mwaka 1966 zilipotandikwa ndani ya jumba la Astrodome la Houston, na ambazo za siku hizi hujazwa chembechembe za mpira ili zisiwe ngumu kama sakafu. Hapo tena huzuka neno la rangi. Alama fupi zinazochorwa katikati ya kiwanja, ambazo ndizo zinazoonyesha mpira uwekwe wapi kabla ya kila shambulio, hazikai mahali pamoja kwa wachezaji wa shule na kwa wachezaji wa kulipwa: kwa vijana hukigawa kiwanja mafungu matatu sawa, na kwa wakubwa husogea karibu sana na katikati. Uwanja wa wakubwa unaopangishwa kwa wadogo sharti utiwe alama upya, na msimamizi asiyeuliza mapema nani atafanya kazi hiyo, na usiku gani, amejitafutia msiba.

Kisa cha Ohio kinastahili kusimuliwa kwa kituo, maana ndani yake mna karibu kila hoja ambayo majimbo mengine yamepata kubishana.

Kaskazini-mashariki ya jimbo hilo, mwendo wa saa moja hivi kusini ya Cleveland, ipo miji miwili, Canton na Massillon, iliyoachana kwa kama kilomita 13, na shule zake zimekuwa zikipambana katika mchezo huu tangu mwaka 1894. Canton ndiko walikokutana mwaka 1920, katika duka la magari la Ralph Hay, watu walioanzisha umoja ambao leo ni ligi kuu ya wachezaji wa kulipwa, NFL. Ndiko pia lilikofunguliwa mwaka 1963 jumba la kuwaenzi mashujaa wa mchezo huo. Massillon ndiko alikofundisha Paul Brown tangu mwaka 1932 hadi 1940, kabla hajawa mwalimu mashuhuri wa chuo kikuu na baadaye wa timu ya Cleveland Browns inayobeba jina lake. Huko Massillon, kwa miaka mingi, mtoto wa kiume alipozaliwa hospitalini wapenzi wa timu walimpelekea mpira mdogo akalazwa nao kitandani, na timu ilikuwa na desturi ya kuwa na mwana wa chui milia aliye hai siku za mchezo. Mgeni aweza kuyacheka hayo. Lakini mtu anayetafuta mji ambao watu wake watatoka nyumbani kwenye baridi kutazama fainali ya shule mbili wasizozijua, zilizotoka pande za mbali za jimbo, hana budi ayatie katika hesabu, kwa sababu mapenzi ya namna hiyo hayapangishwi wala hayaandikwi katika zabuni.

Tangu mwaka 1990 hadi 2013 fainali za Ohio zilichezwa katika miji hiyo miwili, baadhi katika uwanja wa Fawcett wa Canton, uliofunguliwa mwaka 1938, na baadhi katika uwanja wa Paul Brown Tiger wa Massillon, uliofunguliwa mwaka uliofuata. Viwanja vyote viwili ni vya kadiri: hakuna kati yavyo uliofika viti elfu ishirini na tano. Kuwa na viwili kulikuwa na manufaa mengi. Kazi iligawanyika, ardhi ikapumzika, na ilikuwapo njia ya kuiepusha timu ya wenyeji na kucheza fainali nyumbani kwake. Ilitosha kuipeleka upande wa pili wa barabara, tuseme, ingawa barabara yenyewe ina kilomita 13.

Lawama ilikuwa moja, nayo ilitoka kusini. Kutoka Cincinnati, mji ulioko pembe ya kusini-magharibi na wenye shule zilizozoea kufika fainali, hadi Canton ni kama kilomita 370. Basi la shule huzikata kwa saa nne, na mchezo wa usiku ukimalizika karibu saa nne au saa tano, vijana hao hurudi makwao alfajiri, pengine katika theluji. Mzazi mwenye watoto watatu na gari kuukuu hafungi safari ya namna hiyo kila mwaka. Wakasema watu wa kusini, na hawakusema uongo, kwamba fainali ya jimbo imekuwa sherehe ya pembe moja ya jimbo, na kwamba Columbus, iliyo mji mkuu na iliyo katikati, ndiyo inayostahili kwa insafu.

Mwaka 2014 hoja yao ikashinda. Fainali zikahamia Columbus, katika uwanja wa chuo kikuu cha Ohio State, uliofunguliwa mwaka 1922 na unaochukua watu zaidi ya laki moja. Kwa kijana wa miaka kumi na saba aliyekua akiutazama uwanja huo katika televisheni kila Jumamosi, kuukanyaga kwa miguu yake, akiwa amevaa jezi ya shule yake, ni tunu isiyokadirika, na sina haja ya kuibeza. Ila uwanja wa laki moja hauna huruma. Watu elfu kumi, ambao Massillon wangezijaza safu, wakapigana mabega, wakaufanya usiku uvume, humo ndani ni punje za mtama katika pipa. Sauti ya matarumbeta hupotea juu ya viti vitupu, wazazi wa timu moja hawasikii ghadhabu ya wazazi wa timu ya pili, na mchezaji aliyetarajia kuona bahari ya watu huona saruji. Wasimamizi waliifahamu hali hiyo. Baada ya miaka mitatu, yaani tangu mwaka 2017, fainali zikarejea Canton, isipokuwa mwaka 2020, mwaka wa korona, zilipolazimika kuhamishwa.

Uwanja uliozipokea haukuwa tena Fawcett wa zamani. Tom Benson, mwenye timu ya New Orleans Saints wakati huo, alikuwa ametoa dola milioni 11 mwaka 2014 ili ujengwe upya, na ukapewa jina lake. Hapa naomba msomaji akumbuke neno la rangi nililolitaja. Tarehe 7 Agosti 2016, Canton palikuwa pachezwe mchezo wa kila mwaka wa kuwaenzi mashujaa wapya, timu za Green Bay Packers na Indianapolis Colts zilikuwa zimekwisha kufika, watu wamekwisha kukaa vitini, na ikagunduliwa kuwa rangi iliyopakwa katikati ya kiwanja na kwenye ncha zake imegandamana na zile chembe za mpira, mahali pengine ikawa ngumu, mahali pengine ikawa ya kuteleza. Mchezo ukavunjwa. Wachezaji wenye mishahara ya mamilioni wana vyama vya kuwatetea na madaktari wa kusema hapana. Kijana wa shule, ambaye hulala macho wiki nzima akingoja fainali, angecheza hata juu ya kioo kama angeruhusiwa, na kwa ajili hiyo hasa mtu mzima anayechagua uwanja humchagulia pamoja na magoti yake.

Mtu aliyezoea Texas angeona ajabu kuwa Ohio ililia kwa kilomita 370. Kutoka El Paso, iliyoko magharibi kabisa ya jimbo, hadi Arlington, karibu na Dallas, ni takriban kilomita elfu moja. Kwa hivyo Watexas walijizoeza tangu zamani njia ambayo mimi naipenda kuliko zote, nayo ingali ikitumika katika raundi zinazotangulia fainali: walimu wa timu mbili hukutana wenyewe, mara nyingi katika mji ulio baina yao, hukaa mezani na ramani, wakatafuta uwanja ulio katikati, wakapatana siku, saa na marefa, na wasipopatana hurusha sarafu. Upande mmoja hutaka kuchezea kwake, wa pili hivyo hivyo, sarafu hupaa, na mzozo hukatika papo hapo pasi na kamati wala zabuni. Lakini fainali zenyewe zilikua hata zikashinda meza na sarafu. Mwaka 2009 ulifunguliwa huko Arlington uwanja wa timu ya Dallas Cowboys, ambao leo huitwa AT&T, wenye viti elfu themanini, paa linalofungika, na skrini iliyotundikwa juu ya kiwanja yenye upana wa kama meta 49, yaani sawa na upana wa kiwanja chenyewe. Desemba 2013 shule ya Allen ilipocheza humo na shule ya Pearland walihesabiwa watazamaji 54,347, idadi iliyozidi ile iliyokuwa imeshika rekodi ya jimbo tangu mwaka 1977. Katika Texas, basi, nyumba kubwa haikuwa pipa. Watu wake waliijaza kiasi cha kutosha, kwa kuwa huko shule yenyewe ya Allen ilikwisha kujijengea, mwaka 2012, uwanja wa viti elfu kumi na nane kwa dola milioni 60, na miaka miwili haikutimia ukafungwa kwa sababu saruji yake ilifanya nyufa.

Majimbo ya kaskazini yana hoja nyingine, nayo ni paa. Iowa imekuwa ikichezea fainali zake ndani ya UNI-Dome, jumba la chuo kikuu lililoko Cedar Falls, tangu lilipofunguliwa mwaka 1976. Michigan mwaka huo huo iliingia ndani ya Silverdome ya Pontiac, jumba la viti elfu themanini ambalo paa lake la kitambaa lilishikiliwa juu kwa msukumo wa hewa, ikakaa humo hadi mwaka 2004. Timu ya Detroit Lions ilikuwa imekwisha kuhama humo, na jumba lililojengwa kwa zaidi ya dola milioni 55 likaja likapigwa mnada mwaka 2009 kwa dola 583,000, bei isiyotosha kununua nyumba nzuri katika baadhi ya miji ya nchi hiyo. Tangu mwaka 2005 vijana wa Michigan huchezea Ford Field, katikati ya Detroit, ambako Lions hucheza kila Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, na kwa miaka mingi fainali za shule zikafuata Ijumaa na Jumamosi yake. Minnesota nayo ilikaa ndani ya Metrodome tangu mwaka 1982 hadi 2013. Jumba hilo lilipovunjwa, fainali zikatoka nje misimu miwili, katika uwanja wa wazi wa chuo kikuu, hata mwaka 2016 zikapata paa jingine, la U.S. Bank.

Wapo wazee wa mchezo wanaochukia paa. Husema kwamba timu iliyofunzwa kucheza katika upepo na matope, ikashinda kwa subira na nguvu, huingizwa siku ya mwisho ndani ya hewa tulivu ambamo kila mpira unaorushwa hufika, na hivyo hupewa mtihani wa somo ambalo haikusoma. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hainitoshi. Upepo wa Desemba hauchagui aliye hodari. Humwadhibu anayerusha mpira katika robo ya kwanza na humwacha aliyegeuziwa upande katika robo ya pili. Na wale bibi na babu waliokaa jukwaani hawakufunzwa na mwalimu yeyote kuvumilia barafu.

Kusini, ambako baridi si tatizo, huamua fahari. Alabama, jimbo ambalo watu wake wamegawanyika baina ya vyuo vikuu viwili kwa chuki ya mapenzi isiyoelezeka, ilichezea fainali zake Birmingham, katika uwanja wa Legion, hadi mwaka 2008. Kisha ikazipeleka kwa zamu Tuscaloosa mwaka mmoja na Auburn mwaka wa pili, kila chuo kikapata haki yake, na Birmingham ikarudishwa katika zamu mwaka 2021 ilipokwisha kujenga uwanja mpya. Zamu ni dawa nzuri ya wivu. Kwetu Tanzania tunaijua, maana michezo ya UMISSETA, ya shule za sekondari, nayo hupelekwa mkoa huu na mkoa ule, ingawa huko kwetu swali zito ni mabweni ya kuwalaza maelfu ya wanafunzi kwa siku nyingi, ambalo Wamarekani, kwa kuwa timu yao huja kucheza mchezo mmoja na kuondoka, hawanalo. Ubaya wa zamu ni kwamba hakuna mji unaopata kuwa mzoefu: kila mwaka watu wa milangoni ni wapya, na kila mwaka kosa la mabasi kuzibana njia hurudiwa na watu wengine.

Louisiana haikuwa na haja ya zamu, kwa kuwa ilikuwa na Superdome ya New Orleans, na hakuna mtu aliyefikiri kwamba jumba la namna hiyo laweza kukosekana. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, jumba likawa kimbilio la maelfu ya watu waliopoteza nyumba, paa lake likachanika, na miezi michache baadaye fainali za shule zikachezwa Shreveport, upande wa pili wa jimbo, katika uwanja wa Independence. Tangu hapo sioni udhuru wa mkataba wowote wa uwanja usiotaja kwa jina mahali pa pili.

Pennsylvania ilitafuta katikati ya ramani na kukaa Hershey, mji wa viwanda vya chokoleti, tangu mwaka 1998 hadi 2021. Mwaka 2022 ikahamia uwanja wa shule ya sekondari ya Cumberland Valley, karibu na Mechanicsburg. Uwanja wa shule, si wa chuo wala wa ligi. Wako walioona ni kushuka daraja. Mimi naona jimbo kubwa lililothubutu kuchezesha fainali za shule katika uwanja wa shule halikupungukiwa kitu, maadamu vyumba vipo, nyasi ni nzima, na majukwaa yanajaa.

Na kwa mizani hiyo hiyo naipa Canton haki yake juu ya Columbus. Watu wa Cincinnati wana hoja ya masafa, na chama kingewatendea wema kama kingewapa daima mchezo wa mchana, warudi makwao kabla ya usiku kuingia sana. Lakini masafa hutibiwa kwa ratiba, na uwanja mtupu hautibiwi kwa kitu. Mwaka 2023 timu ya Massillon, baada ya nusu karne nzima ya mashindano ya mtoano ya Ohio bila taji hata moja, iliishinda shule ya Archbishop Hoban ya Akron kwa pointi 7 kwa 2 katika uwanja wa Tom Benson, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwao. Fainali za Ohio huchezwa huko mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, na msomaji mwenye ndugu katika jimbo hilo anayepanga kwenda kuzitazama asisahau koti zito, soksi mbili mbili, na kukata tiketi mapema ikiwa Massillon imo.